Kunguni wa Ikulu: Wadudu na Panya wa Nyumbani katika Picha za Kejeli za London

Picha za kejeli zilizochapwa London katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 zimejaa viumbe ambao hakuna mwenye nyumba aliyependa kukiri kwamba anaishi nao: kunguni, viroboto, chawa, buibui na panya. Katika baadhi ya picha wamechorwa kama walivyo, wakiwanyima watu usingizi na kula akiba yao. Katika nyingine wamevishwa sura za mawaziri, wahubiri na watawala wa kigeni. Picha za aina hii ya pili zisingemchekesha mtu kama aina ya kwanza isingekuwa imezoeleka. Mtu aliyejikuna usiku kucha hakuhitaji kuelezwa, asubuhi yake, kwa nini adui wa taifa amechorwa kama mdudu.

Biashara ya picha hizi ilikuwa kubwa. Fundi alilipaka bamba la shaba nta, akachora juu yake kwa sindano mpaka shaba ikaonekana, kisha akalitia tindikali ikala ile mistari iliyofunuliwa. Wino ulisuguliwa ndani ya mistari hiyo, bamba likabanwa pamoja na karatasi yenye unyevu kwenye mashine ya mkono, na nakala ikatoka. Rangi zilipakwa baadaye kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1735, ambayo mchoraji William Hogarth aliipigania ili kazi zake zisiigwe ovyo, ilidai tarehe ya kutolewa iandikwe kwenye bamba. Kwa sababu hiyo leo picha nyingi zinajulikana zilitoka mwezi gani, na hata siku gani.

Duka la picha la Hannah Humphrey hatimaye lilikuwa namba 27, St James's Street, na mchoraji wake mkuu, James Gillray, aliishi ghorofani hapohapo. Samuel Fores aliuza Piccadilly, na pia alikodisha majalada ya picha kwa jioni moja kwa wenye nyumba waliotaka kuwafurahisha wageni. Thomas Tegg alikuwa Cheapside, mtaa wa wafanyabiashara, na bei zake zilikuwa nafuu zaidi. Nakala yenye rangi kwa kawaida iligharimu shilingi moja au zaidi, fedha ambazo kibarua hangezitoa kwa ajili ya karatasi. Lakini kutazama dirisha la duka kulikuwa bure, na watu wa kila tabaka walisongamana mbele ya vioo kuona kilichotundikwa siku hiyo.

Kabla ya wachekeshaji, mwanasayansi ndiye aliyewafundisha Waingereza kumtazama mdudu kwa makini. Mwaka 1665 Robert Hooke alitoa kitabu chake Micrographia, chenye michoro ya vitu alivyoviona kwa hadubini. Kiroboto alichorwa kwenye karatasi kubwa iliyokunjwa ndani ya kitabu, na ilipokunjuliwa mnyama huyo alikuwa na urefu unaokaribia nusu mita, magamba yamepangika mwilini kama deraya ya askari, kila unywele wa mguu ukihesabika. Chawa naye alipewa karatasi yake, ameshikilia unywele wa binadamu. Samuel Pepys, mwandishi maarufu wa shajara, alikaa na kitabu hicho hadi saa nane usiku. Tangu hapo kiumbe aliyekuwa nukta nyeusi kwenye shuka alikuwa na uso, makucha na tumbo, na wachora kejeli walipata kielelezo kilichokuwa tayari. Hila yao kubwa, ya kumkuza mdogo na kumpunguza mkubwa, ilikuwa tayari ndani ya kitabu hicho cha sayansi.

Kunguni alikuwa na historia yake. Mwaka 1730 John Southall alichapisha kijitabu kizima juu yake, akakitabaruku kwa Sir Hans Sloane, mkuu wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi. Southall alidai kwamba kunguni walienea London baada ya moto mkuu wa mwaka 1666, wakiwa wamejificha kwenye mbao zilizoagizwa kutoka ng'ambo ili kuujenga mji upya. Ukweli ni kwamba kunguni walikuwa wakijulikana Uingereza kabla ya moto huo, ila dai hilo lilipendwa kwa kuwa liliwabebesha wageni lawama. Jambo lililo wazi zaidi kitabuni ni chanzo cha dawa aliyokuwa akiiuza. Kwa maelezo yake mwenyewe, alifundishwa na mzee mmoja Mweusi huko Jamaica, alipokuwa kisiwani humo miaka ya 1720. Maarifa ya mzee huyo yakawa biashara katika vyumba vya kulala vya matajiri wa London, na jina lililobaki kwenye chupa ni la Southall.

Vitanda vya wakati huo vilikuwa ngome ya kunguni. Kitanda cha mtu mwenye nafasi kilikuwa na nguzo nne za mbao, paa la kitambaa na mapazia mazito yaliyokizunguka pande zote kuzuia baridi. Kila kiungo cha mbao kilikuwa na ufa, kila pindo la pazia lilikuwa maficho, na karatasi iliyobandikwa ukutani kwa gundi ya unga iliongeza nafasi. Tajiri, kwa kuwa na pazia zaidi, alikuwa na kunguni wa kutosha. Kampuni ya Tiffin, iliyojinadi kuwa imeanza mwaka 1695, iliishi kwa kuangamiza kunguni katika nyumba za wakubwa, na hatimaye ikapata cheo cha kuihudumia familia ya kifalme. Mmoja wa wenye kampuni hiyo alimsimulia mwandishi Henry Mayhew, katikati ya karne ya 19, jinsi alivyokuwa akikagua kitanda cha Binti Mfalme Charlotte. Binti alimwuliza kama ameona kitu. Akajibu hapana, na papo hapo akamnasa mmoja. Charlotte akarukia kitandani, akaweka mkono begani mwa fundi ili amwone vizuri, akafurahi kwamba aliyemtesa usiku uliopita amekamatwa, akasisitiza asiachwe atoroke. Hadithi hii inaeleza vizuri kuliko hotuba yoyote kwa nini kunguni alikuwa kipenzi cha wachora kejeli: mbele yake binti wa ikulu na fundi wa mitaani walisimama bega kwa bega.

Picha inayostahili kutazamwa polepole ni ya Thomas Rowlandson, iliyotoka mwaka 1811 kwa jina linaloweza kutafsiriwa "Burudani ya Kiangazi: Kuwinda Kunguni". Ni usiku, na watu wazima wako nje ya shuka wakiwa na mavazi ya kulala, wakisaka wadudu kwa mwanga wa mshumaa kwenye kitanda chenye mapazia. Rowlandson alikuwa na mkono mwepesi usio na kifani katika kuchora miili minene, na hapa ameitumia miili hiyo kwa ukamilifu, maana hakuna heshima inayobaki kwa mtu aliyeinama usiku wa manane na vazi la kulala akichungulia ufa wa kitanda. Jina la picha linabeba nusu ya kicheko. Uwindaji ulikuwa mchezo wa mabwana wenye mashamba, na sheria za nchi ziliwazuia watu wa kawaida kuua hata kwale. Rowlandson amewapa watu wa mjini uwindaji wao, wenye msimu wake wa kiangazi kunguni wanapozaliana, na mawindo yasiyohitaji kibali cha mtu.

Chawa alimfikia mfalme mwenyewe. Mwaka 1785 John Wolcot, daktari aliyeacha tiba akawa mtunzi kwa jina la Peter Pindar, alianza kutoa utenzi mrefu wa kejeli uitwao The Lousiad, ambao sehemu zake ziliendelea kutoka hadi mwaka 1795. Kisa chake ni chawa aliyeonekana kwenye sahani ya Mfalme George III, na amri iliyofuata kwamba wapishi na watumishi wote wa jikoni wanyolewe vichwa. Wolcot aliusimulia msiba huo wa jikoni kwa fahari ya tenzi za vita za kale, na wasomaji wakacheka kwa sababu walimtambua mfalme wao: mtu wa nyumbani, mwenye kufuata mambo madogo. Gillray alimchora mfalme huyohuyo akioka mkate mbele ya moto mwaka 1791, na mwaka uliofuata akila yai kwa kubana matumizi. Watunzi na wachoraji walilishana. Jikoni ya ikulu ilikuwa imefunguliwa, na chawa alikuwa mmoja wa funguo.

Wolcot hakumwacha pia Sir Joseph Banks, mtaalamu wa mimea na wanyama aliyesafiri na nahodha James Cook kati ya 1768 na 1771, kisha akawa rais wa Royal Society mwaka 1778. Katika shairi moja alimfanya Banks achemshe viroboto ili aone kama wataiva na kuwa wekundu kama kamba-mti, kwa imani kwamba ni jamaa moja. Wachoraji walikuwa wamemfikia mapema zaidi. Julai 1772 duka la akina Darly, mtaa wa Strand, lilitoa picha ya Banks kijana, amevaa kwa mtindo wa wapenda fahari wa siku hizo, mguu mmoja juu ya tufe moja la dunia na wa pili juu ya tufe jingine, akihangaika kumnasa mdudu arukaye. Kejeli hii haikumtendea Banks haki, kwa kuwa ukusanyaji wake wa viumbe uliacha hazina ambayo wanasayansi wanaitumia hadi leo. Inaonyesha hata hivyo jinsi ilivyokuwa vigumu kwa watu wa kawaida kuelewa bwana mwenye mali anayewafuata wadudu ambao wao walilipa fedha kuwafukuza.

Panya alikuwa na siasa ndani yake tangu alipoingia. Panya wa kahawia, mkubwa na mkali kuliko panya mweusi wa zamani, alienea Uingereza mwanzoni mwa karne ya 18, karibu na wakati ambapo ukoo wa kifalme kutoka Hanover, Ujerumani, ulipokea taji mwaka 1714. Wapinzani wa ukoo huo hawakuiacha nafasi ipite. Walimwita "panya wa Hanover", wakasema alishuka na mfalme melini, na kila gunia la nafaka lililotobolewa likawa ushahidi dhidi ya serikali. Wakati huohuo kazi ya kukamata panya iliheshimika kiasi cha kuandikiwa vitabu: mwaka 1768 Robert Smith, mkamata panya wa Binti Mfalme Amelia, alichapisha mwongozo wa kuwanasa wakiwa hai. Rowlandson alipochora wachuuzi wa London mwaka 1799, alianza mfululizo wake na muuzaji wa mitego ya panya, na mwito wake wa kunadi bidhaa ukawa jina la picha.

Gillray ndiye aliyempa panya kazi nzito. Novemba 1789 mchungaji Richard Price alihubiri London akiyasifu mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1790, mbunge Edmund Burke alimjibu kwa kitabu kikali kilichoyalaani mapinduzi hayo. Tarehe 3 Desemba 1790 dirisha la Humphrey lilikuwa na picha ya wote wawili. Price ameketi usiku kwenye meza yake, akiandika, na ukutani juu yake imetundikwa picha ya kukatwa kichwa kwa Mfalme Charles I. Anageuka kwa hofu. Kutoka kwenye wingu la moshi nyuma yake kimejitokeza kitu cha ajabu: pua ndefu mno iliyochongoka, miwani mikubwa juu yake, na mikono miwili, mmoja umeshika taji na wa pili msalaba. Burke mzima amebaki pua na miwani. Waingereza husema mtu amenusa panya anapohisi hila iliyofichwa, na Gillray ameuchukua msemo huo kama ulivyo: Price ndiye panya, na Burke ndiye mbwa wa kunusa. Uhodari wa picha ni kwamba inawachoma wote. Mpenda mapinduzi aliona jinsi Burke alivyogeuzwa kituko, na mpenda ufalme aliona mhaini amefumaniwa. Kila mmoja aliondoka dirishani akidhani Gillray yuko upande wake.

Vita na Ufaransa viliwapa wachoraji mlengwa bora kuliko wote. Tarehe 26 Juni 1803, huku nchi ikingoja uvamizi, Gillray alichora mchoro uliobuniwa na mwungwana mmoja mpenda sanaa, Thomas Braddyll. Mfalme George III amesimama kama mfalme wa majitu katika hadithi ya Gulliver. Kwenye kiganja chake amesimama Napoleon, mdogo kama panzi, upanga mkononi na kofia kubwa kichwani, na mfalme anamkagua kwa darubini. Maneno yaliyoandikwa juu yanamhukumu kuwa mmoja wa viumbe wadogo waovu na wachukizao wanaotambaa juu ya uso wa dunia. Kiroboto wa Hooke alikuwa amegeuzwa: sasa mtu ndiye aliyefanywa mdogo ili atazamwe kama mdudu. Picha ilipendwa sana, na Gillray aliifuatisha na ya pili Februari 1804.

Miaka michache baadaye Napoleon alikuwa buibui. Picha ya Rowlandson ya Julai 1808 inamwonyesha akiwa katikati ya utando wake, tumbo limevimba, na mataifa ya Ulaya ni nzi, baadhi wamekwisha kunaswa na wengine wanakaribia. Tarehe yake ina maana. Mwezi Mei mwaka huohuo watu wa Madrid walikuwa wameinuka dhidi ya majeshi ya Ufaransa, na London ilikuwa ikitazama kama windo hilo lingeweza kuuvuruga utando. Hogarth, katika mfululizo wake wa mwaka 1735 kuhusu kijana mpotevu, alikuwa ameutandaza utando wa buibui kwenye sanduku la sadaka kanisani, na kwa alama hiyo ndogo mtazamaji alijua kwamba hakuna aliyetia sarafu humo kwa muda mrefu. Kutoka sanduku la maskini hadi bara zima, utando ulikuwa umepanuka sana.

Ucheshi huu ulikuwa na upande mchafu, na ni lazima usemwe. Miaka ya 1760, wakati Lord Bute, Mskoti, alipokuwa waziri mkuu na baada yake, picha nyingi za London ziliwachora Waskoti kama watu wa upele na chawa waliokuja kusini kula fedha za Waingereza. Mchoro wa chawa kwenye kichwa cha mfalme huwakumbusha wote kwamba wao ni miili. Mchoro wa taifa zima kama wabeba chawa hufundisha kwamba watu fulani ni uchafu wa kufagiliwa, na wapo walionunua picha hizo kwa sababu hiyohiyo. Wachoraji walewale, kwa sindano zilezile, walifanya kazi zote mbili.

Mwaka 1819 silaha hiyo ilielekezwa juu. Tarehe 16 Agosti askari wa farasi walivamia mkutano wa amani wa watu waliodai haki ya kupiga kura mjini Manchester, wakaua na kujeruhi. Desemba mwaka huo William Hone, mchapishaji aliyekwisha kushtakiwa mara tatu mwaka 1817 kwa maandishi ya kejeli na kuachiwa mara zote tatu na baraza la wazee wa mahakama, alitoa kijitabu cha shilingi moja, The Political House that Jack Built, chenye michoro ya George Cruikshank iliyochongwa kwenye mbao. Kijitabu kiliiga wimbo wa watoto kuhusu nyumba na panya aliyekula nafaka iliyowekwa ndani yake. Katika toleo la Hone nyumba ni nchi, na akiba iliyomo ni mali na haki za wananchi. Msomaji anapofungua ukurasa wa waharibifu wanaoipora akiba hiyo, hakuti panya. Anakuta wakubwa wa ikulu, askari na watu wa sheria, wamechorwa kama watu walivyo, wamevaa mavazi rasmi, bila mkia wala sharubu. Cruikshank hakuhitaji kuwageuza wanyama, kwa kuwa neno lililo chini ya picha, linalomaanisha wadudu na panya waharibifu, lilikuwa limemaliza kazi. Na sumu ya kuwaua waharibifu hao imechorwa kwenye ukurasa wake: mashine ya kuchapia.

Kijitabu kilitoka mara kwa mara kwa maelfu ya nakala, kikafika kwa watu ambao hawakuwahi kuingia duka la St James's Street. Serikali ilikuwa ikipitisha sheria kali dhidi ya magazeti majuma yaleyale, lakini kumshtaki Hone kungekuwa kusimama mahakamani na kukiri kwamba waliochorwa wanafanana na walengwa. Mwaka uliofuata Cruikshank alilipwa pauni 100 ili aahidi kutomchora Mfalme George IV katika hali ya aibu. Ikulu, iliyokuwa ikiwalipa wauaji wa kunguni, sasa ilimlipa mchoraji.

Mwaka 1828 William Heath alirudi kwenye hadubini. Picha yake inamwonyesha mwanamke akitazama tone la maji ya mto Thames kwa hadubini, na ndani ya duara la kioo kuna madude yenye meno, mikia na magamba yanayogombana. Kikombe chake cha chai kinamponyoka. Mwaka uliotangulia kijitabu kilikuwa kimefichua kwamba kampuni moja ya maji ilikuwa ikivuta maji yake karibu na mdomo wa mfereji wa maji machafu, na mwaka huo wa 1828 tume ya serikali ilikuwa ikichunguza. Heath aliwatabarukia picha wenye kampuni za maji za London. Hapa mdudu hakuwa tena mgeni aliyejipenyeza kwenye ufa wa kitanda; alikuwa ameletwa nyumbani kwa bomba, na mwenye nyumba alikuwa akimlipia.

Baada ya mwaka 1830 picha za karatasi moja zilififia. Magazeti yenye michoro ya mbao yalichukua nafasi yake, na jarida la Punch, lililoanzishwa mwaka 1841, likawa nyumba kuu ya kejeli. Mwaka 1850 lilichapisha toleo lake lenyewe la tone la maji ya London, likiwa limejaa viumbe wa ajabu, mwaka uleule daktari Arthur Hill Hassall alipotoa uchunguzi wake wa hadubini kuhusu maji ya mji huo. Vitanda vya chuma vilipunguza maficho ya kunguni. Kisha mwaka 1898 Paul-Louis Simond alionyesha, akiwa Karachi, kwamba kiroboto wa panya huambukiza tauni, na mwaka 1909 Charles Nicolle alithibitisha, huko Tunis, kwamba chawa hueneza homa ya tifasi. Rowlandson na Gillray hawakuyajua hayo. Kwao kiroboto na chawa walileta mwasho na aibu tu, na ndiyo maana waliweza kuwachora kwa furaha ile. Katika karne ya 20 nzi na chawa walianza kuonekana kwenye mabango ya afya, wakiwa wamechorwa wakubwa tena, safari hii ili watu wawaogope.